Namba mbili zinapingana na zote ziko sawa: tuelezane kidogo hii mambo ya takwimu

Mwezi wa pili 2025, siku chache kisha vita kuingia Goma, magrupu ya WhatsApp yalijaa bishano moja yenye hata leo kuna watu wangali wanaiendesha. ONU (Umoja wa Mataifa) ilisema watu karibu 3,000 walikufa mu Goma. Mwisho wa mwezi ule ule Waziri Mkuu Judith Suminwa akiwa Geneva akataja zaidi ya 7,000. Basi kila mtu akachukua namba yenye inamupendeza akakimbia nayo: hawa wanasema ONU inaficha, wale wanasema serikali inaongeza ili dunia iwaonee huruma. Wachache sana walisikiliza sentensi mpaka mwisho. Ile 7,000 ilikuwa ya mashariki yote toka mwezi wa kwanza, na ndani yake Goma yenyewe ilikuwa na kama 3,000. Ile ya ONU ilikuwa ya Goma tu, maiti zenye zilikuwa zimeokotwa na kuzikwa pamoja na zenye zilikuwa zingali mu morge, kufikia siku yenye walisema. Kwa hiyo watu walipigana mu grupu wiki nzima juu ya namba mbili zenye hazikuwa zinajibu swali moja.

Hiyo njo shida yetu kubwa na takwimu hapa kwetu, kuliko uongo. Uongo uko, sikatai. Lakini mara nyingi namba inakuwa sawa kabisa, sisi njo tunaiuliza swali lenye haikutengenezwa kujibu.

Tuanze polepole. Takwimu, ao statistiki kama tunavyoisemaga, ni kazi ya kukusanya habari za vitu vingi ao watu wengi, kuzipanga kwa namba, halafu kuzisoma ili ujue kitu chenye mtu mmoja hawezi kukiona kwa macho yake. Motari mmoja, mwenye pikipiki ya kubeba watu, akikwambia leo kazi ni mbaya, hiyo ni habari yake. Uliza motari 500 wenye uliwachagua bila kupendelea, uwaulize swali lile lile kila wiki mwaka mzima: sasa uko na takwimu. Na hii kazi iko na sehemu mbili zenye watu wanachanganyaga. Ya kwanza ni kueleza kile ulichohesabu kweli. Ya pili ni kukisia, yaani umeona sehemu, unataka kusema kitu juu ya wote. Maiti mu morge zinahesabiwa. Watu wote wenye walikufa mu jimbo zima, wengine walizikwa shambani usiku, hao wanakisiwa. Hakuna aibu mu kukisia, kila inchi inakisia, aibu ni kukisia halafu unasema umehesabu.

Sasa kuhesabu wote, nyumba kwa nyumba, ndio inaitwaga sensa. Kongo ilifanya ya mwisho 1984, wakati ingali Zaïre, ikapata watu karibu milioni 30.7. Toka hapo hakuna ingine. Mtu mwenye alizaliwa 1985 leo ana zaidi ya miaka 40, pengine ana wajukuu, na inchi yake haijamuhesabu hata siku moja. Ile "zaidi ya milioni 100" yenye tunasikiaga kila mahali ni makisio: wanachukua ile ya 1984, wanaongeza wenye wanazaliwa, wanatoa wenye wanakufa na wenye wanahama, kwa kufuata anketi, yaani kazi za kupita kuuliza watu, zenye zinafanywaga kila baada ya miaka kadhaa. Na hapo unaweza kuona vile kosa dogo linakomaa. Shika karatasi: ukisema watu wanaongezeka asilimia 3 kila mwaka, milioni 30.7 inakuwa kama milioni 100 kisha miaka 40. Ukisema ni asilimia 3.3, inakuwa milioni 112. Yaani tofauti ya sifuri nukta tatu tu, yenye hata mtaalamu anaweza kukosea, inakupa watu milioni 12 wenye huna hakika kama wako ao hawako. Hiyo ni mikoa mizima.

Na hii haiko mambo ya vitabu. Viti vya bungeni vinagawanywaga kufuata wenye wameandikishwa na CENI, tume ya uchaguzi, kila eneo, juu hakuna hesabu ingine ya kuaminika. Kwa uchaguzi wa 2023 daftari lilikuwa na watu karibu milioni 44, na kuna watu wanachukuaga hiyo kama hesabu ya Wakongomani, wakati ni watu wazima wenye walifika mbele ya mashini tu. Masisi na Rutshuru kule vita ilizuia kazi isiende kama kwingine, na mwezi wa 12 watu wa kule hawakupiga kura. Mtu wa Kitshanga hakuhitaji profesa amueleze kama kutohesabiwa ni siasa.

Tone moja la damu

Swali lenye linarudiaga sana: "Mliuliza watu elfu moja tu, mnawezaje kusema Wakongomani wanafikiri hivi? Mimi hamukuniuliza." Ni swali la haki, na jibu lake liko mu santre ya afya yoyote ya kartye. Ukiwa na homa wanakufanyia guti epesi. Laborantini anakuchoma kidole, anafinya tone, analipaka kwenye kioo, linakauka, anamwagia rangi ya Giemsa, anaosha, halafu anaenda kuinamia mikroskopu. Hakutoa lita tano za damu yako ili awe na hakika kama malaria iko. Na angalia: mtoto wa kilo 10 na baba wa kilo 90 wanafinywa tone lile lile. Hakuna mtu amewahi kulalamika kama baba ni mkubwa basi wangemtoa kikombe kizima.

Takwimu inafanya vile vile, na hilo tone linaitwa sampuli. Ukubwa wa inchi hausumbui sana. Watu 1,000 wenye wamechaguliwa vizuri wanakupa jibu lenye linaweza kukosea kama pointi 3 juu ao chini, ikiwa ni ya Goma ao ya Kongo yote. Wakisema asilimia 52 wanataka kitu fulani, elewa ni kati ya 49 na 55 hivi, na mara chache kabisa inaweza kutoka hata nje ya hapo. Kwa hiyo mtu mwenye ana 51 na mwenzake 49, wasianze kufungua chupa.

Lakini neno lenye linabeba kila kitu hapo ni "vizuri". Damu yako inachanganywa na moyo usiku na mchana, ndiyo maana tone la kidole ni sawa na tone la mguu. Mji haujachanganywa. Hapa Goma, kartye ya Himbi haiko kama ya Ndosho, na mtu wa Birere saa tano asubuhi haishi kama mtu wa Kyeshero. Ukiuliza watu 1,000 mu maofisi ya katikati ya mji kama wako na maji ya robine nyumbani, utaandika ripoti yenye itachekesha watu wa Mugunga. Kwa hiyo wenye kufanya anketi wanachanganya kwa nguvu, wanafanya tirage, yaani kura ya bahati yenye haina mtu wa kuchagua: mji unagawanywa vipande, vipande vinapigiwa kura, ndani ya kila kipande nyumba zinaandikwa moja moja na tena zinapigiwa kura. Ile anketi kubwa ya afya ya 2013-2014, EDS, ilipita mu nyumba zaidi ya 18,000 za inchi nzima, na tirage ndiyo ilisema ni nyumba gani, hakuna mtu aliyejichagulia.

Mnafikiri kuongeza watu kunatosha kuponya tirage mbaya? Marekani 1936 kulikuwa gazeti moja, Literary Digest, lilituma makaratasi milioni 10 kwa watu kuuliza watamupigia nani kura ya urais. Watu zaidi ya milioni 2 wakajibu. Milioni mbili! Gazeti likatangaza Landon atashinda kwa asilimia 57. Roosevelt akashinda kwa karibu 61. Kitu chenye kiliwaua: adresi walizitoa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na mwaka ule wa taabu wenye simu na gari hawakuwa watu wote, tena wenye walipata shida ya kurudisha karatasi walikuwa wengi wao wenye kuchukia Roosevelt. George Gallup kwa watu wachache kuliko hao mbali sana alikuwa ametabiri mshindi mwenyewe.

Sasa kumbuka yale masondaje ya WhatsApp na Facebook, "gusa hapa kama unakubali", watu 14,000 wamegusa, halafu mtu anaandika kwa herufi kubwa WANAINCHI WAMESEMA. Ni wenye megabaiti, wenye wanafuata ile paji, wenye walikuwa na hasira ya kutosha kugusa. Ni tone la damu lenye limetoka kwenye jipu.

Mwayeni yenye haimjui mtu yeyote

Wastani, ile mwayeni ya shule, kila mtu anaijua: jumlisha, gawanya. Ni kifaa kizuri na pia ndicho kinadanganyaga watu kuliko vyote, bila mtu kusema uongo. Chukua watu watano wa avenyu moja. Mama wa sambaza anapata dola 60 kwa mwezi, mwenye chukudu 80, mwalimu 100, motari 120, na pale kona kuna mwenye madepo anaingiza 4,640. Jumla 5,000, gawanya kwa tano: wastani dola 1,000. Andika ripoti sasa: "Wakaaji wa avenyu hii wanapata wastani wa dola elfu kwa mwezi." Hesabu haina kosa. Mwalimu akiisoma atafikiri umemtukana.

Ndiyo maana kuna mwenzake mwayeni, mtu wa katikati. Panga watu kwa mstari toka mwenye kidogo mpaka mwenye kingi, angalia nani amesimama katikati kabisa. Hapo ni mwalimu, dola 100. Weka tajiri mkubwa zaidi mahali pa yule wa madepo, mtu wa katikati hasogei. Kwa hiyo ukisikia wastani wa pesa ya kitu chochote, mshahara, bei ya parsele, uliza na ya katikati ni ngapi. Kama hawana ya kukujibu, usijenge kitu juu ya ile namba.

Ila tusitupe wastani mtaroni. Ile EDS ya 2013-2014 ilisema mwanamke wa Kongo anazaa watoto 6.6. Watu walicheka, sifuri nukta sita ya mtoto ni nini, ni miguu? Lakini hiyo nukta ndiyo inaonyesha kama kitu kinasogea. Ya 2023-2024 ilipata 5.5. Ukilazimisha kila namba iwe mtoto mzima, hutaona mwendo, na mwenye kupanga masomo na chanjo za miaka kumi yenye inakuja anahitaji ule mwendo. Hivyo hivyo, watoto wenye kufa mbele ya kufikisha miaka tano: anketi ya 2007 iliwakuta 148 kati ya kila 1,000, ile ya 2013-2014 ikawakuta 104. Hata hiyo 104 ni msiba. Lakini bila kuhesabu ungesema tu "watoto wanakufa" leo na "watoto wanakufa" kisha miaka sita, na usijue kama chandarua zilifanya kazi.

Asilimia nayo nitaipita haraka, ila kuna mbili zenye lazima niseme. Mwisho wa mwaka kila mzazi anatafuta shule yenye "ilifanya 100%" kwa egzameni ya Serikali. Uliza walipeleka watoto wangapi. Kuna shule inapeleka 14 na wote wanapita, na iko ingine inapeleka 150 wanapita 128, na ya pili watu wanaiona dhaifu. Halafu uliza swali lenye linakasirisha ba prefe, wakubwa wa shule: mu klasi ya nyuma mulikuwa wangapi? Juu kuna shule zinafukuzaga wenye wanashindwa mwaka mmoja mbele, wanaenda kuanguka kwa jina la shule ingine.

Ya pili ni bei. Redio inasema mfumuko wa bei umeshuka, mama wa soko ya Virunga anazima redio. Wote wawili wako na haki. Maharagi ilikuwa franka 2,000 kipimo kimoja, ikapanda 3,000: hiyo ni asilimia 50. Mwaka wenye unafuata ikapanda tena, 3,300: asilimia 10. Mfumuko umeshuka toka 50 mpaka 10, kweli. Bei haijashuka hata franka moja. Mfumuko unasema bei inapanda mbio gani, hausemi iko wapi.

Gari za Ebola

Mambo ya Ebola ya 2018 mpaka 2020 kule Beni, Butembo, mpaka ikafika hapa Goma mwezi wa saba 2019, ilitufundisha takwimu kwa nguvu hata kama hatukujiandikisha. Wagonjwa 3,470, wenye walikufa 2,287. Karibu 66 kwa kila mia. Na ndani ya hizo namba watu walisoma vitu vyenye havikuwa ndani.

Watu walisema: pale magari meupe ya wenye kupigana na Ebola yanafika, Ebola inaongezeka, basi wao njo wanaileta. Ile ya kwanza ni kweli, magari na wagonjwa vilikuwa vinapanda pamoja. Lakini magari yalikuwa yanafuata ugonjwa. Vitu viwili kutembea pamoja hakukuambii nani anamvuta mwenzake, na kuna wakati kuna wa tatu anawavuta wote wawili. Hasira ya watu ilikuwa na sababu zake zingine, pesa nyingi zilitembea na raia walizionea kwa dirisha tu, mimi sitamlaumu mtu mwenye hakuamini. Ila hesabu yenyewe ilikuwa imesomwa kinyume.

Ingine: "wenye walichanjwa wamo mu wagonjwa, basi chanjo inaua." Uliza nani alichanjwa. Hawakuchanja mji mzima kwa tirage, walichanja duara: wenye waligusa mgonjwa, na wenye waligusa hao. Yaani walienda kuchagua wale wenye walikuwa tayari karibu na moto, na chanjo inahitaji kama siku kumi ili ishike. Wengine walikuwa wamekwisha kuambukizwa siku sindano inaingia. Ukilinganisha hao na mtu mwenye anakaa Kyeshero hajagusa mgonjwa, ni lazima chanjo ionekane mbaya. Lazima ulinganishe na wenye walikuwa hatari moja na hawakuchanjwa.

Na uzuri ni kwamba mambo ya kulinganisha kwa haki tuliyaona hapa hapa mashariki. Toka mwezi wa 11 wa 2018, mu Beni, Butembo, Katwa na Mangina, Profesa Muyembe na wenzake walijaribu dawa nne kwa wagonjwa karibu 680, na nani anapata dawa gani ilitoka kwa kura, hakuna daktari aliyechagua. Kwa nini kura? Juu daktari ni mtu, atapeleka dawa yenye anaamini kwa mgonjwa mwenye anaona anaweza kupona, ao kwa yule mahututi, na kisha hapo hujui kama ni dawa ao ni mgonjwa. Kura inachanganya wazee na vijana, wenye wamefika mapema na wenye wamechelewa, inakuwa ule moyo wenye unachanganya damu. Mwezi wa 8 wa 2019 namba zikawa wazi: kwa dawa mbili walikuwa wanakufa kama 35 kwa mia, kwa zingine mbili kama 50 na kupita. Wakasimamisha zile mbili mbaya pale pale, kabla ya mwisho wenye walikuwa wamepanga, kila mtu apewe zenye zinaponya. Moja ya hizo mbili nzuri ilitengenezwa kwa kutumia damu ya Mkongomani mwenye alipona Ebola ya Kikwit ya 1995. Mtu akikwambia takwimu ni ya wazungu kuandika ripoti, muambie hii.

Zile milioni

Tufike kwa namba yenye iko ngumu kuliko zote. Watu milioni 6 walikufa mu vita vya Kongo. Wengine wanasema 10, wengine 12. Inaandikwa kwenye mabango, inaimbwa, na mtu akiuliza inatoka wapi anaonekana anakana wafu. Mimi naona ni heshima kwa wafu kujua inatoka wapi.

Shirika la msaada IRC lilifanya anketi mara tano kati ya 2000 na 2007. Walipita nyumba zenye zilichaguliwa kwa kura, wakauliza: mu miezi fulani nani alizaliwa hapa, nani alikufa, alikufa na nini. Hakuna mtu alihesabu maiti milioni. Ile anketi ya mwisho ilikuta watu 2.2 wanakufa kila mwezi kwa kila watu 1,000. Halafu wakauliza, bila vita wangekufa wangapi, juu hata mu amani watu wanakufa. Wakachukua kiwango cha Afrika ya kusini ya Sahara, hapo kwenye 1.4 ao 1.5. Tofauti ndiyo waliita vifo vya ziada. Ukijumlisha toka mwezi wa 8 wa 1998 mpaka wa 4 wa 2007 ikatoka milioni 5.4, na milioni 6 yetu ilikuja kutoka hapo kwa kusogeza.

Sasa tazama vile mashini inazunguka. Tuseme inchi ilikuwa na watu milioni 60. Ukitoa 1.5 kwa 2.2 unabaki na 0.7, hiyo ni watu 42,000 kila mwezi, na ile ripoti ndiyo ilisema 45,000, tuko karibu. Wachunguzi wengine, wa Human Security Report, wakasema hapana, Kongo hata mbele ya vita hospitali zilikuwa zimekwisha kufa, barabara zimekufa, msilinganishe na wastani wa Afrika, kiwango chetu cha kawaida kingekuwa 2.0. Toa 2.0 kwa 2.2, unabaki na 0.2, watu 12,000 kila mwezi. Hakuna mtu amefufuka hapo, wala hakuna nyumba imebadilisha jibu. Swali moja tu limebadilika, "bila vita tungekuwa namna gani", na ilikula zaidi ya nusu ya jumla. Na ile milioni 60 yenyewe, kumbuka, inatoka kwa sensa ya 1984.

Kuna kitu kingine mu hizo anketi chenye watu hawakisemagi kwa mabango. Wenye waliuawa kwa risasi na panga walikuwa sehemu ndogo, mu anketi ya mwisho hata asilimia moja ya vifo haikufika. Wengi walikufa na malaria, kuharisha, nimonia, njaa, na watoto wadogo walikuwa wengi kupita kiasi. Mtoto mwenye alikufa na kuharisha porini juu familia ilikimbia bila dawa, vita ilimuua ao haikumuua? Takwimu haina jibu la hilo. Inaweza tu kukuonyesha alikuwa mmoja ya wangapi, na ni wewe unapashwa kuamua unaandika nini pembeni ya jina lake.

Kwa hiyo mtu akikuuliza ni ngapi, unaweza kusema bila woga: ni mamilioni kufuata hesabu yenye inajulikana zaidi, na wenye kuipinga wanaipunguza kwa sababu zenye zinasikilizwa. Ile 10 na 12, mimi sijaona anketi nyuma yake.

Volkano na ile miaka ishirini

Fupi hii, juu naisikiaga kila mara kwenye pikipiki na mu taxi. Nyiragongo ilitapika 1977, ikatapika 2002 ikakula kama asilimia 13 ya mji, ikatapika 2021. Basi watu wanasema inarudi kila miaka 20, tuko salama mpaka 2041. Kati ya 1977 na 2002 ni miaka 25. Kati ya 2002 na 2021 ni 19. Hiyo ni mapengo mawili, na kwa mapengo mawili huwezi kujua pengo la tatu, hata kama yangelingana kabisa. Inaweza kuwa 30, inaweza kuwa 6. Mlima hauna kalenda, una magma na nyufa, na wenye wanajua kitu ni wale wa observatuari wenye wanapima mitetemeko na gazi, na hata wao 2021 haikuwapa dalili ya kutosha mbele. Mtu mwenye ananunua parsele kaskazini ya Majengo kwa kuamini ile miaka 20 anacheza karata.

Mwisho, kitu cha mlangoni. Siku moja anketeri atafika kwako na tableti na jile, akuulize wangapi wanalala hapa, maji mnatoa wapi, nani alikufa. Watu wetu wako na tabia mbili. Wengine wanapunguza, wanaogopa takse. Wengine wanaongeza, wanafikiri ni orodha ya msaada, kila mtoto wa shangazi anaandikwa, na siwezi kuwacheka maana mu makambi ya pembeni ya mji miaka hii yote orodha ilikuwa kweli chakula. Muulize tu moja kwa moja: hii ni orodha ya msaada ao ni anketi? Ana lazima ya kujibu. Kama ni anketi, jibu vile iko. Na jirani yako mwenye anasimama kwa lango anasema "mbona mimi hamuniandike, niko na shida kumupita", anketeri akimukatalia si roho mbaya. Nyumba yake haikutoka kwa kura, na akiandikwa juu amesimama pale, tirage imekwisha kuharibika.